Bajia za mkate wa jana: mwongozo kamili, kuanzia slesi zilizokauka hadi sahanini

Ukinunua mkate wa kilo moja Jumatatu, Jumatano asubuhi hubaki slesi saba au nane chini ya mfuko, pamoja na kile kipande cha mwisho ambacho watoto hawakigusi. Umekauka kidogo, hauna harufu mbaya, ila hakuna anayeutaka kwa chai. Hapa Jinja, Uganda, nimeona mikate ya namna hiyo ikimwagwa jalalani na kila mara roho huniuma, kwa sababu huo hasa ndio mkate unaotakiwa kwa bajia za mkate. Mpya haufai. Nitaeleza sababu, maana ukiielewa hutahitaji tena kushika karatasi ya vipimo.

Kwanza chakula chenyewe. Ni slesi mbili za mkate zilizobanwa pamoja na viazi vilivyopondwa na kuungwa kwa viungo, zikachovywa kwenye rojo la unga wa dengu na kukaangwa katika mafuta mengi. Kaskazini mwa India, hasa Delhi na Punjab, huuzwa kando ya barabara asubuhi na siku za mvua, huliwa na chai, na wenyewe huziita pakora za mkate. Wagujarati husema bhajiya, na ndiko sisi tulikopata neno bajia. Wahindi wengi waliokuja huku wakati wa ujenzi wa reli kati ya 1896 na 1901, na wafanyabiashara waliowafuata, walikuja na dengu zao. Idi Amin, rais wa Uganda wakati huo, aliwafukuza mwaka 1972 lakini bajia, sambusa na chapati zilibaki, zikawa zetu. Leo muuza rolex wa Kampala, yaani chapati iliyoviringishwa na mayai, hafikirii kwamba chapati yake ilivuka bahari.

Mimi nilifundishwa na mama mmoja wa Kigujarati niliyekuwa nikimsaidia jikoni kila Diwali, nyuma ya barabara kuu ya Jinja, kwenye yale majengo ya zamani yenye majina ya wenyewe yaliyochongwa juu. Sote tulimwita Anti. Siku ya kwanza nilimletea mkate mpya, ungali na joto la tanuri, nikidhani nimemheshimu. Aliubonyeza kwa vidole viwili, akautazama ukinyanyuka pole pole, akaurudisha mfukoni. "Huu kula na chai," akasema. "Wa jana lete hapa."

Kwa nini mkate wa jana

Mkate ukikaa, wanga wake hujipanga upya na kukaza, na unyevu wa katikati huhamia kwenye ganda. Ndiyo maana slesi ya siku mbili au tatu ina mwili: ukiipaka viazi haipondeki, na ukiichovya kwenye rojo haigeuki uji mkononi. Mkate mpya hunywa rojo upesi, ukaloa, na kwenye mafuta hulegea, ukafunguka na kumwaga viazi.

Kama nyumbani kuna mkate mpya tu, tandaza slesi kwenye sinia kwa saa mbili tatu mahali penye hewa, uzigeuze mara moja. Au ziache kwenye friji usiku kucha. Watu wengi huweka mkate kwenye friji wakidhani unabaki laini, kumbe baridi ya friji hukausha mkate upesi kuliko meza. Kwa kazi hii, kasoro hiyo inatufaa.

Lakini mkate uliokauka ni kitu kimoja, mkate ulioota ukungu ni kingine kabisa. Peleka kila slesi kwenye mwanga, tazama pembe na upande wa chini uliokuwa umegusana na mfuko. Ukiona doa la kijani, jeusi, au nyuzi nyeupe kama pamba, hata moja, tupa mkate wote. Usikate pale penye doa ukapika panapobaki, kwa sababu nyuzi za ukungu hupenya ndani macho yasipofika, na sumu ambazo baadhi ya ukungu hutengeneza haziondolewi na mafuta ya moto. Wala usiwamwagie kuku.

Vya kuandaa

Hivi vinatosha bajia nane kubwa, watu wanne wakashiba na chai:

- slesi 8 za mkate, ganda lake lisiondolewe
- viazi mviringo nusu kilo
- unga wa dengu gramu 200, karibu vikombe viwili vya chai
- unga wa mchele vijiko 2 vya chakula
- kitunguu maji 1 kidogo
- tangawizi kipande cha ukubwa wa kidole gumba
- pilipili mbichi 2
- dania fungu dogo, ile ambayo watu wa pwani huiita kotmiri
- jira nzima, yaani bizari nyembamba, kijiko 1 cha chai
- manjano kijiko 1 cha chai, utayagawa mara mbili
- pilipili ya unga nusu kijiko cha chai
- nusu ndimu, na chumvi
- mafuta ya kukaangia karibu lita 1, kutegemea karai lako

Viazi vya Kabale na Kisoro vikishuka sokoni chagua vile vinavyochanuka vikichemka, siyo vile vinavyobaki vigumu na kuteleza. Muuzaji anavijua, mwambie unataka vya kuponda. Pilipili utumie uliyoizoea, ila zile ndogo kali ambazo Waganda huziita kamulali moja inatosha.

Kwenye unga wa dengu nakaa kidogo, kwa sababu watu wengi hukosea dukani. Dengu ninazozisema ni zile za manjano, kubwa kiasi, ambazo Wahindi husaga unga wao wa bajia, besan. Ukienda kwa muuzaji aliyetoka Kenya ukasema ndengu, atakupimia choroko, zile za kijani. Unga wa choroko nao hutoa bajia, tena Wahindi wenyewe huupika, ila ladha ni nyingine na rojo lake ni zito zaidi. Maduka ya Kihindi ya Jinja na ya Kampala karibu na soko la Nakasero yana unga wa dengu wa pakiti na wa kupima. Wa kupima ni sawa, lakini unuse kwanza: harufu yake iwe ya kunde kavu, siyo ya mafuta ya zamani. Na usiubadilishe kwa unga wa ngano ukitarajia kitu kile kile. Ngano huvutika na kuwa kama mpira. Dengu huvunjika kwa meno. Ladha yote ya bajia imo hapo.

Anti alikuwa anatia pia nusu kijiko cha ajwain, vimbegu vidogo vyenye harufu kali, akivisugua kwanza kati ya viganja. Wahindi husema vinasaidia tumbo kukubali dengu. Ukivipata, tia. Ukivikosa, usiache kupika.

Viazi

Chemsha viazi na maganda yake katika maji yenye chumvi. Maganda huzuia viazi kunywa maji, na maji ndiyo adui wa kazi hii tangu mwanzo hadi mwisho. Jinja na Kampala tuko juu ya mita 1,100, maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, kwa hiyo usiamini dakika zilizoandikwa kwenye pakiti au kwenye simu. Choma kwa kisu: kikiingia na kutoka bila kiazi kukifuata, vimeiva. Kwa viazi vya wastani ni kama nusu saa.

Mwaga maji, rudisha viazi kwenye sufuria tupu juu ya moto mdogo dakika mbili ili mvuke utoke, kisha menya na uponde. Usivilainishe kama uji wa mtoto. Viachie vibonge vidogo vidogo, vinapendeza mdomoni.

Pasha kijiko kimoja cha mafuta, tia jira. Zikianza kuruka na kunukia, tia kitunguu kilichokatwa kidogo sana, kisha tangawizi ya kuponda na pilipili mbichi. Kitunguu kikilainika tia nusu ya manjano, zungusha mara moja tu maana manjano huungua upesi yakawa machungu, halafu viazi na chumvi. Geuza dakika tatu hadi rangi ienee kote. Epua, ndipo utie dania na ndimu.

Sasa acha vipoe. Vipoe kabisa, siyo nusu. Hapa niliwahi kuharibu futari ya watu kumi na wawili. Adhana ilikuwa imekaribia, nikapaka viazi vingali vinatoa moshi kwenye slesi, nikazibana, nikazichovya. Mvuke ulilowesha mkate kutoka ndani, na bajia ya kwanza ilipoingia kwenye mafuta ilijaa hewa ikapasuka ubavuni. Viazi vilitawanyika karai zima, vikaungua, mafuta yakawa meusi, na hakukuwa na mafuta mengine. Tangu siku hiyo huandaa viazi asubuhi, au hata jana yake nikaviweka kwenye friji. Viazi vya baridi hupakika vizuri zaidi, na kazi ya jioni huwa nyepesi.

Rojo

Chekecha unga wa dengu kwenye bakuli pana, kwa sababu vidonge vyake havivunjiki kirahisi vikishalowa. Tia unga wa mchele, ambao ndio unaoleta ukavu wa nje, manjano yaliyobaki, pilipili ya unga, chumvi kijiko kimoja cha chai kisichojaa, na ajwain kama unayo.

Maji yatie kidogo kidogo. Anza na mililita 200, koroga hadi pasiwe na vidonge, kisha ongeza kijiko kwa kijiko. Mara nyingi huishia kati ya mililita 250 na 300, lakini kila unga una kiu yake, kwa hiyo sikupi kipimo cha mwisho. Nakupa alama. Chovya kijiko, kitoe, kigeuze mgongo. Pitisha kidole katikati ya mgongo wa kijiko. Mfereji ukibaki wazi bila rojo kuuziba, na rojo limefunika kijiko kiasi kwamba huoni chuma, limekaa sawa. Likiteremka na kuziba mfereji ni jepesi, ongeza unga. Likibaki na mistari ya mwiko juu yake ni zito, na bajia itakuwa na koti nene lisiloiva ndani.

Lipige kwa mwiko au kwa mkono dakika tatu nne, upande mmoja, hadi rangi ipauke kidogo. Unaingiza hewa. Kisha lifunike lipumzike robo saa unga unywe maji. Kabla tu ya kukaanga litazame tena, mara nyingi litahitaji kijiko kimoja cha maji.

Wengine hutia chembe ya soda ya kupikia. Inasaidia, ila iwe chembe kweli, ile inayoshikwa na ncha za vidole viwili. Ikizidi bajia hunywa mafuta na kuacha ladha ya sabuni. Mimi napendelea njia ya Anti: mafuta yakishapata moto, chota kijiko kimoja, mimina kwenye rojo, koroga upesi. Hulifanya koti liwe kavu na lenye kuvunjika.

Kubana

Tandaza viazi juu ya slesi unene wa kidole kidogo, hadi ukingoni. Funika kwa slesi nyingine, bonyeza kwa kiganja kilichokunjuka ili zishikane bila kupondeka. Pitisha kidole kando kando ukisawazisha viazi vilivyotokeza. Kisha kata kila jozi kwa mshazari kwa kisu chenye makali. Jozi nne, pembetatu nane.

Ukipenda, paka chatini ya kijani upande wa ndani wa slesi moja kabla ya viazi, lakini iwe nyembamba sana. Chatini ina maji.

Mafuta na moto

Tumia karai lenye kina, mafuta yafike urefu wa vidole vitatu vilivyolazwa na yasipite nusu ya karai. Lihakikishe limekaa imara. Sigiri ina raha yake lakini haina kitufe cha kupunguza moto, kwa hiyo usianze makaa yakiwa bado yanawaka ndimi. Subiri yavae majivu ya kijivu. Moto ukizidi, ziba kimlango cha chini hewa ipungue, au ondoa kaa moja mbili kwa koleo. Usinyanyue karai lenye mafuta ya moto kwa hali yoyote. Watoto wakae mbali. Mfuniko wa chuma unaoenea karai uwe karibu na mkono wako: mafuta yakishika moto funika, na kama ni jiko la gesi zima. Maji usiyasogeze kabisa, yatageuka mvuke ghafla na kurusha moto hadi darini.

Joto linalotakiwa ni kati ya nyuzi 170 na 180. Bila kipimajoto, dondosha tone la rojo. Likikaa chini, mafuta bado. Likizama kidogo kisha likapanda ndani ya sekunde mbili tatu likizungukwa na vipovu, tayari. Likipanda hapo hapo na kuwa jeusi, mafuta yamezidi moto, nje itaungua na rojo la ndani litabaki bichi. Mkate wenye sukari nyingi, na mingi ya madukani ina sukari, hukolea rangi haraka zaidi, kwa hiyo elekea kwenye 170.

Shika pembetatu kwa pembe, ilaze kwenye rojo, igeuze, inyanyue. Hesabu moja, mbili, basi. Ukiiacha ilale mle italoa hata kama mkate ni wa juzi. Acha rojo la ziada lidondoke, kisha iteremshe kwenye mafuta kwa upole, ukianzia upande ulio karibu nawe na kuilaza kuelekea mbali, ili mafuta yakiruka yasikurukie.

Mbili kwa wakati mmoja, tatu kwa karai kubwa. Ukijaza karai mafuta hupoa, na bajia zinazokaa kwenye mafuta ya uvuguvugu huyanywa kama kitambaa. Usizichokoze nusu dakika ya kwanza, koti likiwa bado bichi hubandukia kwenye kijiko. Kisha chota mafuta umwagie juu, halafu geuza. Dakika mbili hadi tatu kila upande.

Sikiliza. Mwanzo ni kelele na vipovu vikubwa, hiyo ni sauti ya maji yanayotoka. Kadiri koti linavyokauka sauti hupungua, vipovu huwa vidogo na vichache. Mafuta yakikaribia kunyamaza na rangi ikiwa ya dhahabu iliyokolea, opoa. Anti alikuwa akizungumza na wageni mgongo ukiwa kwenye jiko, mafuta yakibadili sauti anageuka na kuopoa.

Zisimamishe kwa ubavu kwenye wavu au chujio. Ukizilaza zote kwenye karatasi, moja juu ya nyingine, mvuke wa ya chini hulegeza ya juu. Na usizifunike.

Ukiwa na wageni wengi, au unauza

Wauzaji wa India hukaanga mara mbili. Kwanza mafuta ya wastani, unaziopoa zikiwa zimeshika lakini bado zimepauka. Zinaweza kungoja saa moja. Mteja akija, au adhana ikilia, unazirudisha kwenye mafuta ya moto zaidi dakika moja hadi zikolee. Zinatoka kavu kuliko za mara moja, na hukai kwenye karai wageni wakiwa mezani.

Chatini

Ya kijani: dania fungu moja, nanaa kiganja kimoja, pilipili mbichi moja, kipande cha tangawizi, chumvi, ndimu, sukari nusu kijiko cha chai. Saga kwa maji kidogo sana. Ya pili ni ya ukwaju, na ukwaju mzuri hutoka kaskazini na mashariki, Teso hadi West Nile. Loweka kwa maji ya moto, kamua, chuja, chemsha na sukari guru, chumvi na jira ya kukaangwa hadi iwe nzito kama asali. Ya ukwaju hukaa wiki mbili kwenye friji. Ya kijani iliwe siku hiyo hiyo au kesho yake.

Vipande vya mwisho na makombo

Vile vichwa viwili vya mkate, na slesi zilizokauka hadi kuvunjika, havibaniki. Chovya kimoja kwenye maji sekunde moja, kitoe, kibane kati ya viganja hadi maji yote yatoke. Weka kijiko cha viazi katikati, kunja, viringisha kama yai refu, ziba nyufa. Hizi hazihitaji rojo, zikaange hivyo hivyo. Ukamue kwa nguvu zako zote, maana maji yakibaki ndani mafuta yatakurukia. Makombo yasage, yaongeze kwenye viazi vikiwa laini kupita kiasi, huvikausha.

Mafuta yaliyobaki na bajia zilizobaki

Acha mafuta yapoe kabisa, chuja kwa kitambaa safi, weka kwenye chupa iliyofunikwa mbali na mwanga. Yanafaa mara mbili tatu zaidi. Yakitoa povu, yakiwa meusi, au yakianza kutoa moshi kabla ya kupata moto wa kukaangia, yamekwisha. Usiyamwage kwenye sinki wala mtaroni, yataganda na kuziba.

Bajia zenyewe ni za papo hapo. Zikibaki, zipashe kwenye kikaango kikavu bila mafuta, moto mdogo, ukizigeuza hadi koti lirudie kukauka. Rojo lililobaki halifai kesho. Viazi vilivyobaki hukaa siku mbili kwenye friji, na mimi huvikunjia ndani ya chapati asubuhi.

Chai ya maziwa na tangawizi iwekwe jikoni unapoanza kuchovya pembetatu ya kwanza. Ikichemka, bajia za kwanza zitakuwa zinaopolewa.